Masta ya afya ya jamii: bili isiachiwe shamba la familia moja

Kati ya Uvira na Baraka, kwenye barabara ya taifa namba 5, wakaaji wa Swima wanaishi kwa ndagala za ziwa, mihogo na mafuta ya mawese. Katika familia za namna hiyo wametoka wauguzi na hata madaktari wanaofanya kazi leo katika vituo vya afya vya wilaya ya Fizi. Baadhi yao wanataka kupanda hatua moja zaidi: shahada ya uzamili katika afya ya jamii, ile ambayo kila mtu huiita masta. Akili wanazo, na uzoefu wa kazi wanao. Kinachobaki ni kikao cha familia, na katika kikao hicho ajenda huwa moja: shamba gani liuzwe?

Kikao hicho kingepaswa kufanyika mahali pengine. Kingefanyika katika ofisi ya zoni ya afya, katika ofisi za mkoa wa Kivu Kusini, na katika ofisi za mashirika yanayofanya kazi ya afya hapa Fizi. Maana elimu hii anailipia mmoja, na wanaoifaidi ni wengi. Daktari wa meno akihitimu, anaweza kurudisha pesa zake kidogo kidogo kwa wagonjwa wake. Mtaalamu wa afya ya jamii hana mgonjwa wa kumtoza. Kazi yake ikifanyika vizuri, watu hawaugui, na mtu ambaye hakuugua halipi chochote. Kuiachia familia moja bili nzima si haki, na hata kwa hesabu ya biashara haieleweki.

Wapo watakaouliza Fizi inamhitaji mtaalamu huyo kwa kazi gani. Wamtazame kwanza mama anayechota maji ya kunywa ziwani kwa sababu bomba halifiki kwake. Kipindupindu kipo mashariki mwa Kongo tangu miaka ya 1970, na pwani hii ya Tanganyika, kuanzia Uvira kupita Fizi hadi Kalemie, ni moja ya maeneo ambako hakijawahi kuondoka kabisa. Kila mlipuko unapofika, vitanda vinaongezwa, serumu na klorini zinaletwa, wagonjwa wanatibiwa, kisha kila mtu anarudi nyumbani kusubiri mlipuko mwingine. Juu ya hayo, tangu 2015 kambi ya Lusenda imewapokea wakimbizi kutoka Burundi, na vita vya milimani na vya bondeni vimewaleta wahamiaji wa ndani katika vijiji ambavyo choo na maji havikuwatosha hata wenyeji. Mwaka 2023 aina mpya ya virusi vya mpox iligunduliwa Kamituga, katika wilaya jirani ya Mwenga. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza mpox kuwa dharura ya dunia nzima.

Kila wiki wauguzi wakuu wa vituo wanajaza idadi ya wagonjwa na kuituma katika ofisi ya zoni. Namba hizo zinapanda hadi mkoani, kisha Kinshasa. Kinachohitajika ni mtu wa kuzisoma zikiwa bado karibu na kisima. Mtu huyo ndiye anayeweza kusema: wagonjwa wa wiki hii wametoka katika mitaa mitatu inayochota maji kwenye bandari moja ya mitumbwi, basi klorini iwekwe hapo kesho asubuhi, kabla ya kuongeza vitanda. Kujua kupanga data, kutafuta chanzo cha ugonjwa, kuandika mradi wa maji wenye bajeti inayoeleweka, na kupima kama chanjo imewafikia watoto wote: hayo ndiyo masomo ya masta hii. Zoni isiyo na mtu wa namna hiyo inategemea wageni wanaokuja na mradi na kuondoka nao.

Serikali yenyewe iliwahi kulielewa jambo hili. Mwaka 1985 nchi, wakati huo Zaire, ilikuwa imegawanywa katika zoni za afya 306. Leo zimepita 500. Zoni hizo zilihitaji viongozi wanaojua zaidi ya kutoa dawa. Ndipo, katikati ya miaka ya 1980, Shule ya Afya ya Umma ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, kwa msaada wa shirika la Marekani USAID na Chuo Kikuu cha Tulane. Wakati huohuo mradi wa SANRU, ulioanza mwaka 1981 pamoja na makanisa ya Kiprotestanti, ulikuwa ukijenga huduma za afya vijijini. Mpango ulikuwa na mantiki: kwanza zoni, kisha shule ya kuwafundisha viongozi wa zoni, kisha pesa za kuwapeleka shuleni. Hakuna aliyedhani kwamba baba wa kijijini angeuza mtumbwi ili zoni ipate kiongozi.

Mantiki hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: pesa nyingi zilitoka nje. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID ilifunga kazi zake. Somo kwa Fizi liko wazi. Nchi inayosubiri mgeni aje kuwasomesha wataalamu wake itabaki bila wataalamu siku mgeni akifunga mkoba.

Sasa kuhusu bili yenyewe. Familia nyingi huuliza bei ya minervali peke yake, na hapo ndipo zinapokosea hesabu. Katika mfumo wa LMD, masta ni miaka 2. Tuseme, kwa mfano tu, minervali ni dola 1,000 kwa mwaka, na nyumba na chakula katika muji mkubwa ni dola 120 kwa mwezi. Kwa miaka 2, minervali ni dola 2,000, lakini nyumba na chakula ni dola 2,880. Ongeza dola 800 za kompyuta, intaneti na safari za utafiti wa kazi ya mwisho. Jumla ni dola 5,680, na minervali ni kidogo zaidi ya theluthi moja tu. Bado hazijahesabiwa nauli, wala pesa ambazo muuguzi huyo alikuwa akiziingiza nyumbani kabla ya kwenda masomoni. Wanafunzi wengi wanaokwama hawakukwama siku ya kujiandikisha. Wanakwama mwaka wa pili, mwenye nyumba akidai kodi na kazi ya mwisho ikisubiri pesa za utafiti.

Vita vimeifanya bili hiyo kuwa nzito zaidi. Kwa mtu wa Swima, shule ya karibu kwa jambo hili ilikuwa Bukavu, ambako Chuo Kikuu cha Kikatoliki kina Shule ya Kikanda ya Afya ya Umma. M23 walipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, serikali ya mkoa ilihamia Uvira, na barabara ya bonde la Ruzizi ikakatwa na mstari wa vita. Benki za Goma na Bukavu zilifunga milango. Mzazi aliyekuwa akituma pesa kwa benki alilazimika kuzipitisha kwenye simu, kwa makato ya kila hatua, au kumkabidhi msafiri na kuomba Mungu. Lubumbashi na Kinshasa nako kuna shule za afya ya umma, lakini kutoka Fizi hadi Kinshasa mtu hafiki bila ndege, na tiketi ya ndege inaweza kumeza minervali ya miezi kadhaa.

Familia hazikukaa mikono kifuani. Zinaenda katika vikundi vya akiba na mikopo, zile AVEC zinazojulikana hadi vijijini, na katika likelemba. Vikundi hivyo vimewasaidia mama wengi kununua ndagala za kuuza na kulipa shule za watoto. Lakini kwa masta havifai, na ni vizuri kusema ukweli huo. Watu 25 wakiweka dola 2 kila wiki, mwisho wa mwaka wana dola 2,600. Akiba ya kundi zima, kwa mwaka mzima, haifikii hata mwaka mmoja wa bili ya mfano uliotolewa hapo juu. Tena mkopo wa AVEC kwa kawaida hurudishwa ndani ya miezi michache, pamoja na faida. Mkopo wa namna hiyo unafaa kwa maharage, yanayovunwa upesi. Masta ni kama mchikichi: ukiupanda leo, unasubiri miaka 3 au 4 kabla ya kuona ngazi za kwanza. Anayekopa pesa za maharage kupanda mchikichi atauza shamba kabla ya mavuno.

Upo mlango wa ufadhili wa nje, na vijana wa Fizi wanapaswa kuugonga bila haya. Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, imewafundisha Wakongo wengi afya ya jamii, na baadhi yao wamelipiwa na ushirikiano wa Ubelgiji. Chuo Kikuu cha Senghor kule Alexandria, Misri, kinafundisha kwa Kifaransa na kina nafasi za ufadhili katika mambo ya afya. Ujerumani ina DAAD. Uingereza ina Chevening, ambayo iko wazi kwa Wakongo, inadai uzoefu wa kazi wa miaka 2, na inamtaka aliyefadhiliwa arudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya masomo.

Hapo ndipo kijana wa kituo cha afya cha kijijini anapoanguka, hata kama ana alama nzuri. Ufadhili mwingi wa namna hii unaomba uthibitisho wa kazi, barua ya mwajiri, na mara nyingi Kiingereza. Muuguzi wa Fizi anaweza kuwa amefanya kazi miaka 6 bila namba ya serikali, bila mshahara, na bila karatasi moja inayosema aliwahi kuajiriwa. Kazi aliifanya, ushahidi hana. Ofisi ya zoni ya afya inaweza kurekebisha jambo hilo kesho, bila kusubiri bajeti: impe kila mtumishi cheti cha kazi chenye tarehe, cheo na muhuri, bila kumdai kitu. Karatasi hiyo ni ya bei ndogo kuliko zote katika safari ya masta, na kukosekana kwake kumewafungia watu njia.

Upande wa mashariki kuna mlango mwingine ambao Kinshasa haijausukuma vya kutosha. Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Machi 2022. Miaka 5 kabla ya hapo, mwaka 2017, wakuu wa nchi za jumuiya hiyo walitangaza kwamba kanda yao ni eneo moja la elimu ya juu, na baraza la vyuo vikuu vya kanda lina makao Kampala. Makerere, pale pale Kampala, ina shule ya afya ya umma yenye sifa. Dar es Salaam kuna Chuo Kikuu cha Muhimbili. Kwa mtu wa pwani ya Tanganyika, anayezungumza Kiswahili na mwenye ndugu Kigoma, Dar es Salaam si ugenini kama Kinshasa. Anachohitaji kujua mzazi ni jambo moja, kwa maandishi na kwa kila chuo: je, mtoto wake atalipa kama mwenyeji wa jumuiya au kama mgeni wa mbali? Tofauti ya bei hizo mbili inaweza kuamua kama shamba linauzwa au linabaki. Wabunge waliochaguliwa Fizi wana kazi hapa. Waiulize wizara ya elimu ya juu, na jibu walilete Baraka na Swima, lisibaki katika kumbukumbu za bunge.

Kuna wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema: wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, baadhi ya vituo havina hata glavu, basi kwa nini kuweka pesa katika masta ya mtu mmoja? Ni kweli kwamba mshahara wa muuguzi ni deni la serikali, na masta haitalifuta. Lakini mambo haya mawili hayapigani. Zoni isiyojua kuandika mpango na kutetea namba zake ndiyo inayosahaulika wakati glavu na mishahara vinapogawanywa. Wengine wanasema: ukimsomesha, atakimbilia shirika la kimataifa Goma au Kinshasa, na Fizi haitamwona tena. Hilo nalo hutokea. Mara nyingi anakimbia kwa sababu alilipiwa na familia yake, ana madeni ya familia, na zoni iliyokuwa ikimwita arudi haina hata meza ya kumpa. Mtu aliyeuziwa shamba la baba analazimika kwenda kule pesa ilipo. Anayelipiwa na jamii, kwa mkataba ulio wazi, ana sababu ya kurudi na ana kitu cha kurudia.

Kwa hiyo linalopaswa kufanyika ni mfuko mmoja wa masomo ya afya kwa wilaya ya Fizi na muji wa Baraka, unaopata pesa kutoka mifuko mitatu. Serikali ya mkoa iweke sehemu katika bajeti yake ya kila mwaka, hata kama ni ya mtu mmoja kwa kila zoni. Mashirika ya misaada yanayochukua data, wauguzi na nyumba za Fizi kwa miradi yao yaweke sehemu ndogo ya kila mradi wa afya kwa ajili ya kumsomesha mwenyeji atakayebaki mradi ukiisha. Makanisa, ambayo yana hospitali na vituo katika pwani hii, na wana wa Fizi walio nje ya nchi waweke ya tatu. Familia nayo itoe, lakini kwa kiasi ambacho hakiuzi shamba.

Mfuko huo uwe na masharti machache yasiyobadilika. Majina ya waombaji na alama zao yabandikwe mlangoni mwa ofisi za zoni, kila mtu asome. Usigawanywe kwa kabila. Fizi ni ya Babembe, Babuyu, Bafuliiru, Banyamulenge, Banyindu na wengine, na kipindupindu hakiulizi mtu ukoo wake. Nusu ya nafasi ziwe za wanawake, kwa sababu familia inapouza shamba kwa ajili ya mtoto mmoja, mara nyingi mtoto huyo huwa wa kiume. Anayelipiwa asaini kurudi kufanya kazi kwa miaka kadhaa katika zoni iliyomtuma, na zoni isaini kumpa nafasi, meza na malipo. Mkataba unaomfunga mwanafunzi peke yake ni mtego, na vijana wana haki ya kuukataa. Pesa zilipwe kwa chuo moja kwa moja, muhula baada ya muhula, na hesabu zisomwe hadharani mbele ya mashirika ya kiraia kila mwaka.

Mfuko huo haupo leo, na kuna familia zinazofanya kikao wiki hii. Kwao, kabla ya kuuza chochote, kuna maswali ya kuuliza. Chuo hicho kinatambuliwa na wizara, na shahada yake inakubalika katika utumishi wa serikali? Minervali inalipwa kwa vipande, au mara moja? Ni wangapi waliojiandikisha miaka 3 iliyopita, na wangapi kati yao wamemaliza? Kazi ya mwisho ina gharama gani, na nani anailipia? Je, masomo yanaweza kufuatwa kwa mbali huku muuguzi akiendelea na kazi, na mtandao wa kijijini unatosha kwa hilo? Anayetangaza ufadhili na kuomba atumiwe pesa kwa simu ili "kufungua dosie" aachwe hapo hapo. Chevening na DAAD hazimtozi mwombaji pesa. Na kama bili ya miaka 2 haijakamilika kwenye karatasi, ni bora kusubiri mwaka mmoja kazini, huku cheti cha kazi kikitafutwa na Kiingereza kikisomwa, kuliko kuanza na kukwama katikati bila shamba na bila shahada.

Wakuu wa mkoa na wa zoni wanaweza kuanza na hatua ndogo ambayo haihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Kila zoni ya afya ya wilaya ya Fizi ichague mtu mmoja kwa mashindano ya wazi, iandike bili yake yote ya miaka 2, na kuipeleka mezani kwa serikali ya mkoa na kwa mashirika kabla bajeti ijayo haijapigiwa kura. Wakikataa, wakaaji watajua nani alikataa na alikataa kiasi gani. Wakikubali, mlipuko ujao wa kipindupindu utamkuta Swima mtu aliyesomea kuuzuia, na shamba la baba yake likiwa bado na mihogo.